Nguvu za mabwana wa giza: kwa nini Sauron aliweza kumzidi bwana wake

Wasomaji wa riwaya za fantasia wakikutana, swali hili halichelewi kufika: kati ya Morgoth na mtumishi wake Sauron katika vitabu vya Tolkien, Shai'tan wa The Wheel of Time na wenzao, nani angemshinda nani? Jibu la haraka hupangwa kwa vyeo. Huyu ni mungu, yule ni roho iliyoasi, huyu ni binadamu aliyebahatika. Basi mungu yuko juu, binadamu yuko chini, mjadala umefungwa. Tatizo ni kwamba mpangilio huo unashindwa kueleza mambo yaliyoandikwa waziwazi vitabuni. Hauelezi ilikuwaje Morgoth, aliyekuwapo kabla ya dunia na akashiriki kuiunda, ajeruhiwe mara saba na mfalme mmoja wa Waelfu na kubaki kiguru. Hauelezi ilikuwaje Sauron, mwenye Pete Kuu aliyoifua kwa nguvu zake, ajisalimishe kwa mfalme binadamu bila kupigana. Wala hauelezi kwa nini Shai'tan, mwenye uwezo wa kuvunja wakati wenyewe, anahitaji watumishi wa kumpelekea ujumbe.

Ukitaka kupima sawasawa, tenganisha mambo manne. La kwanza ni uwezo wa asili, ule aliokuja nao. La pili ni uwezo aliouhamishia nje ya nafsi yake, uwe kwenye chombo, ardhi au viumbe. La tatu ni utii: majeshi, makuhani, majasusi, watu wanaomwogopa. La nne ni masharti yanayomfunga, yaani asichoweza kufanya hata akitaka. Cheo kinakuonyesha lile la kwanza tu, na siku ya vita mara nyingi ndilo lenye uzito mdogo.

Morgoth na mtaji uliotawanyika

J. R. R. Tolkien alimpa Melkor, ambaye baadaye aliitwa Morgoth, asili isiyo na mfano. Katika The Silmarillion, kilichochapishwa 1977, miaka minne baada ya mwandishi kufariki, Melkor ndiye mwenye vipawa vikubwa kuliko Ainur wote, yaani roho walioshiriki kuunda dunia, na juu ya hapo ana sehemu katika vipawa vya kila mmoja wao. Dunia ilipokuwa changa alishindana na wenzake wote: wakiinua milima, anaiangusha, wakichimba mabonde, anayafukia. Huyo ndiye Melkor ambaye watu humweka kileleni, na kwa wakati ule hawakosei.

Sasa tazama alivyozitumia nguvu hizo. Alizimwaga katika kila alichotaka kukitawala. Majoka, majeshi ya maorki, moto wa chini ya ardhi, hata mawe na metali za dunia vilichukua sehemu ya utashi wake, na sehemu hiyo haikurudi. Alikuwa kama mfanyabiashara aliyenunua soko zima kwa mtaji wake wote: kila kibanda ni chake, mfukoni hana kitu.

Dalili ya kwanza ni Ungoliant, buibui mkubwa aliyemsaidia kuiua Miti Miwili iliyoangaza Valinor, nchi ya Valar, wakuu wa Ainur walioingia duniani. Ili Ungoliant aifanye kazi ile, Melkor alimtia nguvu zake mwenyewe. Kazi ilipokwisha, mwenzake alikuwa amevimba na yeye amepungua. Ungoliant alimdai Silmaril, vito alivyoviiba, akamfunga kwa utando wake, na Melkor akapiga ukelele hadi Balrog, mapepo yake ya moto, wakaja mbio kumwokoa kwa mijeledi ya moto. Kiumbe aliyewahi kupambana na Valar wote anaokolewa na watumishi wake!

Dalili ya pili ni Fingolfin. Mfalme huyu wa Noldor, kabila la Waelfu, alipanda farasi peke yake hadi kwenye malango ya Angband, ngome ya Morgoth, na kumwita Morgoth atoke. Morgoth alitoka kwa kusita, akiwa na nyundo yake Grond, na kitabu kinasema kwamba kati ya Valar yeye peke yake ndiye aliyeijua hofu. Alimuua Fingolfin, lakini kwanza alipata majeraha saba, na pigo la mwisho likamkata mguu. Tai Thorondor akamkwarua uso. Maumivu na kilema hicho havikumtoka. Mtu anayepanga nafasi kwa asili peke yake hana pa kuliweka pambano hili, isipokuwa alipite kimya.

Maelezo yenyewe Tolkien aliyaandika katika insha zilizotolewa na mwanawe Christopher mwaka 1993, kwenye juzuu linaloitwa Morgoth's Ring. Anasema Sauron alitia nguvu zake ndani ya pete moja, na Morgoth alizitia ndani ya dunia nzima. Middle-earth yote, bara la hadithi hizi, ndiyo pete yake. Hakuzitawanya kwa usawa. Dhahabu ilibeba sehemu kubwa ya uovu wake, fedha haikuonyesha mwelekeo huo, na maji yalikaribia kuwa safi kabisa. Jambo hili linastahili kukumbukwa ukifikiria kwa nini Sauron alichagua dhahabu kutengenezea Pete yake.

Hasara ni kwamba Morgoth mwenyewe alishuka hadi akawa na mwili mmoja asioweza kuubadilisha, mwili unaoungua, unaochoka, unaolazwa usingizi kwa wimbo wa Lúthien, binti wa mfalme wa Waelfu. Faida yake ni kwamba hakuna wa kumfuta. Huwezi kuitupa dunia kwenye shimo la moto. Valar walipokuja hatimaye kumpiga, vita vilisababisha nchi ya Beleriand kuzama karibu yote baharini, na hata hivyo ubaya aliouchanganya katika ardhi ulibaki baada ya yeye kusukumwa nje ya ulimwengu. Kwa hiyo Tolkien anafikia kauli ambayo wengi hawaitarajii: Sauron wa Enzi ya Pili alikuwa, kwa vitendo, mkubwa kuliko Morgoth wa mwisho wa Enzi ya Kwanza. Kwa asili alikuwa mdogo mno, ila alikuwa bado hajaporomoka kiasi hicho.

Sauron yupi unayemzungumzia?

Hapa ndipo mijadala mingi inapoharibika. Watu huchukua Sauron wa wakati mmoja, wakampa silaha za wakati mwingine na jeshi la wakati wa tatu. Mhusika huyu ana angalau hali tano, na zote hazilingani.

Kabla ya Pete, akiwa mtumishi wa Morgoth, alishindwa na mbwa Huan akisaidiwa na Lúthien, akaachia ngome yake na kukimbia akiwa na umbo la popo mkubwa. Huo ndio uwezo wake wa asili anapokabwa mwili kwa mwili, na si wa kutisha sana.

Takriban mwaka 1600 wa Enzi ya Pili akafua Pete Kuu katika moto wa mlima Orodruin. Barua ndefu ya Tolkien kwa mhariri Milton Waldman, inayodhaniwa kuwa ya 1951, inatoa kanuni tatu. Akiivaa, nguvu zake duniani zinaongezeka kuliko zilivyokuwa. Asipoivaa, nguvu hizo bado zipo na zinaendelea kuwasiliana naye, maadamu hakuna mwingine aliyeichukua na kuimiliki kwelikweli. Ikiharibiwa, nguvu zake zinayeyuka. Kanuni ya pili ndiyo inayosahaulika: Pete iliyopotea mtoni haikumpunguzia Sauron kila kitu, ilimnyima tu nyongeza.

Mwaka 3261 mfalme Ar-Pharazôn wa Númenor, kisiwa cha dola ya binadamu, alishuka pwani na jeshi lenye fahari kiasi kwamba watumishi wa Sauron walitoroka. Pete ilikuwa yake, lakini utii ulikuwa umeyeyuka, na Pete haipigani na maelfu ya mikuki. Akajisalimisha, na mwaka 3262 akapelekwa Númenor kama mateka. Miaka 57 baadaye, 3319, kisiwa kizima kilikuwa chini ya bahari kwa sababu ya ushauri wake. Alipoteza mwili wake mzuri katika gharika hiyo, na hakuweza tena kujivika sura ya kuvutia watu. Hakuna tukio linaloonyesha vizuri zaidi silaha yake halisi: upanga wake ni wa kawaida, ulimi wake unazamisha dola.

Katika kuzingirwa kwa Barad-dûr, ngome yake, kulikochukua miaka saba hadi 3441, alitoka mwenyewe. Filamu ya 2001 ilimwonyesha akifagia safu za askari kwa rungu moja, halafu akakatwa vidole na Isildur kwa bahati. Kitabuni Gil-galad, mfalme wa Waelfu, na Elendil, mfalme binadamu na baba yake Isildur, walimwangusha na wote wawili wakafa. Isildur alikata kidole cha adui aliyekwisha kuanguka. Ukitumia filamu unapata Sauron asiyekabilika ambaye alikufa kwa ajali. Ukitumia kitabu unapata Sauron anayelingana na mashujaa wawili wakubwa wa zama zake kwa pamoja, akiwa na Pete. Hicho ni kipimo kizuri, tena nadra, kwa sababu kinatupa pande zote mbili za mizani.

Hali ya mwisho ni ile ya Vita vya Pete. Filamu humfanya jicho juu ya mnara. Kitabuni ana mwili, na Gollum, aliyewahi kuimiliki Pete na aliyeuona mkono wake, anasema una vidole vinne. Bila Pete, nafsi yake ni dhaifu kuliko ilivyokuwa 3441. Lakini jeshi lililofika mbele ya Lango Jeusi mwaka 3019 wa Enzi ya Tatu halikufikia watu 6,000, na lake lilikuwa zaidi ya mara kumi ya hapo. Hakuwa amepanda, maadui zake ndio walikuwa wameshuka. Namba hizo zinapaswa kuingia kwenye hesabu yoyote ya nani "angeshinda".

Swali la nani angemmudu ana kwa ana pia lina jibu. Katika rasimu ya barua ya 1963 Tolkien anasema kati ya waliokuwapo, ni mchawi Gandalf tu angetarajiwa kumweza kama angekuwa na Pete, kwa sababu ni wa jamii moja naye. Galadriel na Elrond, viongozi wa Waelfu, wangeitumia Pete kujenga majeshi, si kumkabili uso kwa uso.

Shai'tan: uwezo mkubwa nyuma ya tundu dogo

Mfululizo wa The Wheel of Time ulianza 1990. Robert Jordan alifariki 2007, na Brandon Sanderson akakamilisha vitabu vitatu vya mwisho kwa kutumia maandishi aliyoyaacha, cha mwisho kikitoka 2013. Bwana wa giza wa hapa ni wa aina nyingine kabisa. Hana mwili, hana kiti cha enzi, hajawahi kuwa mwema. Muumba alimfungia nje ya ulimwengu wakati wa kuumba.

Asili yake inazidi ya Sauron kwa umbali usiopimika, na pengine hata ya Melkor. Akitoka, Gurudumu la Wakati linavunjika na hakuna kinachobaki cha kupigania. Lakini hajatoka. Watafiti wa Enzi ya Hadithi, wakiongozwa na Mierin na Beidomon, walitafuta chanzo kipya cha nguvu, wakatoboa gereza lake bila kujua. Kila anachofanya kinapitia tundu hilo. Lews Therin, kiongozi wa upande wa Nuru, na wenzake walipolifunika kwa mihuri saba, tundu lilibaki limezibwa juujuu, na pigo la Shai'tan wakati wa kufunga likachafua nusu ya kiume ya Nguvu Moja, chanzo cha uchawi wa ulimwengu huo, wanaume wote wanaoitumia wakapata wazimu.

Kwa hiyo ukimpima Shai'tan, pima upana wa tundu. Mihuri ikiwa mizima anaweza kunong'ona tu. Inapodhoofika anabana majira, msimu wa baridi unagoma kuisha, kisha joto linagoma kuondoka. Chakula kinaoza ghalani. Mapovu ya uovu yanapasuka mahali pasipotarajiwa. Anaweza kuwarudisha watumishi waliokufa katika miili mipya, na amefanya hivyo kwa Aginor, Balthamel na Ishamael. Lakini kuna sharti: aliyeuawa kwa balefire, moto unaounguza uzi wa mtu kurudi nyuma katika wakati, harudi. Kifo chake kinakuwa kimetokea kabla ya Shai'tan kuinyakua roho, na hawezi kurudi nyuma kuichukua. Rahvin alipotea hivyo. Mtu anayesema Shai'tan ana nguvu zisizo na kikomo ameruka sharti lililoandikwa kwa makusudi.

Kosa jingine la kawaida kumhusu ni kuuchukua ushindi wa Rand, shujaa wa mfululizo huu, kama ushahidi wa udhaifu wake. Rand hakumshinda kwa kupigana naye nguvu kwa nguvu. Alitumia Nguvu ya Kweli, ambayo ni ya Shai'tan mwenyewe, kupitia Moridin, mtumishi mkuu wa Shai'tan, na kasoro ya upanga wa Callandor, kuziba tundu upya. Tena alikuwa na nafasi ya kumwangamiza, akaacha, kwa kuwa alikwisha kuona kwamba ulimwengu usio naye ni ulimwengu ambao watu hawachagui tena. Matokeo hayo yanatueleza jinsi kufuli lilivyofanya kazi. Hayatuelezi lolote kuhusu ukubwa wa aliyefungiwa.

Torak wa David Eddings na Lord Foul wa Stephen R. Donaldson wanaangukia karibu na hapa. Wote wana asili ya juu iliyofungwa na sharti: Torak aliunguzwa na jiwe lilelile alilolitumia kupasua dunia, Foul amenaswa ndani ya Upinde wa Wakati na hawezi kuuvunja bila dhahabu nyeupe ambayo mwenyewe hawezi kuitwaa kwa nguvu. Nafasi yao kwenye orodha yoyote itategemea kama umewapima wakiwa ndani ya kifungo au nje.

Kutokufa si nguvu

Voldemort wa vitabu vya Harry Potter huingizwa katika ulinganisho huu kila mara, na anafaa kwa funzo moja. Alikusudia kuigawa roho yake vipande saba, sita vikiwa vimefichwa katika vitu na cha saba ndani yake mwenyewe. Kipande cha ziada kikaingia kwa mtoto aliyetaka kumuua. Kazi hiyo yote haikumwongezea hata chembe ya uwezo wa kushambulia. Ilimpa muda. Fumo Liyongo wa tenzi zetu hakuwa mwovu, lakini kinga yake ni ya aina ileile: hakuna silaha iliyomdhuru ila sindano ya shaba kitovuni, na siku siri ilipomfikia mwanawe, kinga ikaisha. Kinga ya namna hii hupimwa kwa ugumu wa kuigundua siri, na inapaswa kuandikwa kwenye safu ya masharti. Ukiiweka kwenye safu ya asili utampa Voldemort cheo ambacho matendo yake hayakibebi.

Anayeweza kuhesabiwa

Katika The Final Empire ya Brandon Sanderson, ya 2006, kuna Lord Ruler, mtawala wa miaka elfu moja anayeaminika kuwa mungu. Huyu ndiye rahisi kuliko wote kumpima, kwa sababu mwandishi ameweka sheria za uchawi mezani. Ferukemi humwezesha mtu kuhifadhi sifa yake, kama ujana, afya au mbio, katika metali na kuitoa baadaye kwa kiasi kilekile. Alomansi huunguza metali na kuvuta nguvu kutoka nje. Mwenye vyote viwili akiunguza metali aliyoijaza mwenyewe, hupata mara nyingi ya alichoweka. Hapo ndipo ujana wake usioisha na uponyaji wake wa papo hapo vinapotoka.

Gharama nayo iko wazi. Ujana unahitaji kuvutwa kila sekunde, na kadiri miaka inavyopita ndivyo kiasi kinavyopanda. Vikuku vyenye akiba hiyo viko mwilini, vimechomekwa kwenye nyama. Vin, msichana aliyepigana naye, alipoving'oa kwa nguvu aliyoivuta kutoka kwenye ukungu, miaka elfu ikamshukia mtawala kwa mara moja, na mkuki wa kawaida ukatosha.

Lakini usimweke chini haraka. Kabla ya utawala wake, kwa dakika chache alipoishika nguvu ya kimungu iliyokuwa imekusanyika kisimani, aliisogeza sayari yenyewe. Aliisogeza karibu mno na jua, akalazimika kuunda milima ya majivu ili kupunguza joto. Uwezo wa wakati ule unamfikisha ngazi ya Valar. Ujuzi wa kuutumia haukuwapo. Ni lazima useme unampima kabla ya nguvu ile kuisha au baada.

Pambano moja hadi mwisho

Tuchukue Sauron wa mwaka 3262, mwenye Pete, asiye na jeshi, dhidi ya Lord Ruler akiwa mjini kwake Luthadel, na kila mmoja aje na sheria za ulimwengu wake.

Siku ya kwanza Sauron anashindwa. Rekodi yake ya kupigana kwa mwili ni ya kuangushwa na Huan, kisha na Gil-galad na Elendil, na mpinzani wake hapa anapona jeraha kabla damu haijafika chini. Pete haitang'olewa kirahisi: kwa Sanderson, metali iliyojazwa nguvu hukataa kusukumwa, na hii imejazwa kuliko kikuku chochote. Hata hivyo haimpi Sauron njia ya kumaliza adui anayejijenga upya kila sekunde.

Sauron hangelazimisha siku ya kwanza. Angepiga magoti, kama alivyofanya mbele ya Ar-Pharazôn. Na dola ya Lord Ruler ina ufa unaomfaa kuliko wa Númenor: Wachunguzi wake, makuhani wanaomtumikia, wametobolewa misumari ya chuma mwilini, na koloss, majitu wa jeshi lake, wana misumari yao. Misumari hiyo ndiyo iliyompa nguvu juu yao, na ndiyo inayofungua akili zao kwa utashi mwingine wenye nguvu. Ruin, nguvu ya uharibifu ya ulimwengu ule, aliutumia mlango huohuo. Kutawala utashi wa wengine ndiyo kazi ambayo Pete Kuu ilifuliwa kuifanya. Lord Ruler angegundua usaliti akiwa bado hawezi kuuawa na yeyote, ila walinzi wa vikuku vyake wangekuwa wa Sauron. Kwa pambano la saa moja, naandika Lord Ruler. Kwa pambano la miaka 57, naandika Sauron, wala sioni sababu ya kusita.